Shimo la Kapinga

Gerezani, Kolwezi
2 Februari 2023

Tata Abigaëlle,

Nimesikia kupitia dereva wa lori kwamba uko Kisenge, natumaini ulifika salama. Ulivyodandia lile lori asubuhi ile bila kuaga, nilidhani umetoka kununua sigara. Watu walikuwa wameinama juu ya shimo chumbani kwetu, wanaita jina la Muamba, yule mchimbaji kijana, na mimi nawaambia: ngojeni, mume wangu anarudi sasa hivi, yeye ndiye anayejua kamba imefungwa wapi. Nikawaambia hivyo mpaka wakaacha kuniuliza. Udongo ulikuwa umelowa, ukaporomoka mara ya pili, na wachimbaji wenzake wakakataa kushuka. Hawakuweza kumtoa. Yumo mpaka leo, chini ya nyumba yetu.

Polisi walikuja mchana wakiwa na jina lako, si langu. “Bwana yako eko wapi?” Nikasema sijui, na kweli siku ile sikujua. Mkubwa wao akanitazama, akaitazama sufuria ya sombe iliyokuwa motoni, akasema: “Basi tutabeba weye. Akisikia bibi yake eko mu kasho, atakuya.” Ndiyo sababu niko hapa, mume wangu. Mimi ni chambo. Sombe sijui nani aliila.

Katika kasho ya polisi walinikalisha kupita siku zinazoruhusiwa, kisha wakanileta gerezani. Hapa kuna avoka kijana wa kutetea watu mahakamani, Maître Nkulu, anayekuja pamoja na akina mama wa parokia na hamwombi mfungwa kitu. Aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia nilikuwa napika. Akanieleza kwamba katiba ya nchi inasema kosa ni la mtu mwenyewe, na hakuna ruhusa ya kumshika mke kwa kosa la mume. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, nami nikalia, maana tangu nikamatwe alikuwa mtu wa kwanza kusema jambo lenye akili.

Anachotaka ni niseme mbele ya hakimu wa parke, yule wa mashtaka, kwamba shimo ni la mume wangu, na kwamba mume wangu ndiye aliyemwambia Muamba ashuke huku mvua inanyesha. Nimemwambia angoje. Sikulelewa kumtaja mume wangu kwa serikali. Lakini wewe ukija ukasema mwenyewe, mimi natoka siku hiyohiyo.

Mtoto wetu Abigaëlle yuko kwa Mama Fidélie wa parokia. Ndiye anayeniletea chakula, na ndiye atakayeitoa nje barua hii, imefichwa ndani ya bakuli, na kumpa dereva wa lori la Kisenge. Simu hapa wanatunyang’anya, na yako haiiti tena.

Rudi, Tata Abigaëlle. Mtoto anauliza.

Mke wako,
Kapinga


Kisenge
19 Februari 2023

Mke wangu mpenzi, Mama Abigaëlle,

Barua yako imenikuta kitandani na homa. Nimeisoma nikalia kama mtoto, mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza nani amekufa.

Usidhani nilikukimbia. Nilikuja kutafuta msaada kwa binamu yangu anayefanya kazi kwenye mgodi wa manganizi, nikakuta naye anatafuta msaada. Simu niliitupa njiani, kwa sababu siku hizi polisi wanamfuata mtu kwa simu yake. Hapa nalala kwenye mkeka. Chakula nakula kwa mjane mmoja anaitwa Tina, anapikia wafanyakazi. Bukari lake la unga ni gumu, la kwako nalikumbuka kila siku.

Nimesikitika sana kwa habari ya shimo lako na yule kijana. Mungu ampokee. Lakini tufikiri kama watu wazima. Mimi nikija leo, watanishika mimi na wewe hawatakuachia, nawajua. Tutakuwa wawili ndani, na Abigaëlle atakuwa yatima mwenye wazazi. Nani atakuletea chakula? Nani atalinda nyumba?

Huyo avoka wa bure jihadhari naye. Mtu asiyelipwa na wewe analipwa na mwingine. Kijana kama huyo anatafuta jina, na jina atalipata kwa kumfunga mume wa mtu. Usiseme naye sana. Vumilia kidogo, mke wangu. Wewe una moyo mgumu kuliko mimi, jambo hilo nimelisema siku zote hata mbele ya mama yangu, ambaye hakutaka nioe Mkasai.

Busu kwa mtoto.

Anayekupenda,
Kisimba


Gerezani, Kolwezi
8 Machi 2023

Tata Abigaëlle,

Pole na homa. Mimi nina upele na chawa, lakini sina homa, kwa hiyo tunaweza kusema naendelea vizuri.

Nimeisoma barua yako, na kuna mahali nimerudia ili nihakikishe macho yangu bado ni mazima. Umeandika “shimo lako”. Tangu lini, mume wangu? Mimi nilikuwa nataka pale tuweke kabati. Wewe ndiye uliyevunja sakafu kwa sururu, ukasema jirani amepata kobalti na sisi tumelala juu ya kobalti yetu kama wajinga. Nililala sebuleni mwaka mzima kwa sababu ya hilo shimo, na sasa umenizawadia.

Leo ni siku ya wanawake. Walikuja mama wakubwa kutoka maofisini, wote wamevaa kitenge cha aina moja, wakatugawia sabuni na kupiga picha nasi. Mmoja alituhutubia kwamba mwanamke wa leo ana haki. Nikanyoosha mkono, nikamwuliza: kama nina haki, naweza kwenda nyumbani? Alicheka sana, akanishika bega, akasema anapenda wanawake wachangamfu. Kisha wakapanda magari yao.

Hapa asiyeletewa chakula anaosha bakuli la aliyeletewa, ili alambe kabla ya kuosha. Mimi mpaka sasa naletewa. Mama Fidélie ana miguu iliyovimba, na wiki iliyopita hakuja mara mbili. Nilimwoshea bakuli mwanamke mmoja aliyemchoma kisu mke mwenzake. Ananiita binti yangu.

Maître Nkulu amekuja tena. Karatasi zake ziko tayari, anangoja neno langu tu. Anasema kesi yangu ni nyepesi, hakimu yeyote anayesoma ataona kwamba wamemshika mtu asiyehusika. Nimemwambia tena angoje, akaniuliza, “Mama, unangoja nani?” Nikamwuliza habari za mvua, kwa sababu nakuonea aibu.

Sasa nakuomba moja kati ya mawili. Njoo useme mwenyewe, au niruhusu niseme mimi. Kuozea humu kwa kunyamaza siwezi.

Kapinga


Kisenge
27 Machi 2023

Mama Abigaëlle,

Umeniumiza. Kuhusu neno “lako”, nilidhani mwanamke mwenye akili kama wewe ataelewa. Barua zinapita mikono mingi. Je, dereva akiifungua? Je, askari akiikuta ndani ya bakuli? Naandika hivyo ili kutulinda sote wawili, na wewe unanicheka.

Nisikilize vizuri, maana nimefikiri sana na njia nimeiona. Unakumbuka mama yako mdogo Elise, mambo yake na yule fundi cherehani? Kwenu mnaita tshibawu, kosa la mke linaloleta ugonjwa nyumbani mpaka akiri. Alipoona watoto wanaugua, alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa mume, akapiga magoti, akasema yote bila kubakiza. Mbuzi akachinjwa, Elise akaoshwa, ikaisha. Ulinieleza wewe mwenyewe kwamba mpaka leo mtu akimkumbusha jambo lile, huyo anayekumbusha ndiye mwenye kosa. Mimi nilistaajabu, nikasema watu wa Kasai wana akili, kwetu tungegombana miaka ishirini.

Sasa fanya hivyo. Hakimu naye ni mtu, ana mama yake, ana kwao. Mwanamke anayekana, anabishana, analeta avoka na katiba, hakimu anamchukia. Lakini mwanamke anayesema “ni mimi, shimo ni langu, nimekosa”, akapiga magoti mbele ya Mama Kabedi, mama wa marehemu, ambaye ni Mkasai kama wewe na anaijua desturi, huyo nani atamfunga? Ni ajali. Ni mama wa mtoto mdogo. Watakuonya, watakupa tarehe ya kuleta mbuzi, utakwenda nyumbani. Nimeuliza mtu mmoja anayejua watu wa parke, amesema ndivyo inavyokwenda.

Ukinitaja mimi, ni jambo lingine. Mimi ni mwanaume, nilikuwa nalipa wachimbaji, watasema nilifanya biashara ya vifo. Nitafia ndani. Na Abigaëlle atakapokua, atauliza nani alimpeleka baba yake huko, na watu watamjibu.

Mwambie yule avoka asije tena. Sema hukumwita.

Mimi natoka hapa mara tu utakapokuwa huru. Nakuapia kwa kichwa cha mtoto.

Kisimba wako


Gerezani, Kolwezi
30 Aprili 2023

Tata Abigaëlle,

Nimefanya ulivyosema.

Nilijiambia kwamba tshibawu ni mambo ya ndoa, si mambo ya kifo, na kwamba hakimu si mkwe wangu. Lakini nililala nalo wiki nzima, na kila nikikumbuka mama mdogo Elise namwona vile alivyokuwa baada ya mbuzi, mwepesi, anacheka jikoni. Nikatamani kuwa hivyo. Nilikuwa nimechoka kukaa na jambo ambalo si langu na kunyamaza. Nikasema afadhali liwe langu niliseme liishe. Najua ni upumbavu. Wakati ule ulikuwa kama dawa.

Maître Nkulu nilimwambia asije. Alikuja tu mahakamani, akakaa nyuma kabisa.

Hakimu ni mwanaume wa makamo, ana mafua, anapangusa pua kwa leso ya bluu. Akaniuliza:

“Mama, hii shimo ni ya nani?”

“Ni yangu, tata juge.”

“Njo weye ulituma Muamba ashuke?”

“Njo miye.”

“Mvua ilikuwa inanyesha?”

“Ilikuwa inanyesha.”

Karani akaandika. Nikangoja hakimu aseme nini kinafuata, yeye akafungua ukurasa mwingine. Basi nikatoka pale niliposimama, nikaenda kwa Mama Kabedi, nikapiga magoti, nikamshika miguu. Nikamwambia, “Mama, unisamehe. Nitaleta mbuzi.”

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza: “Mama, simama. Hapa haiko ku kilio. Hapa ni tribinali.” Mama Kabedi hakucheka. Aliivuta miguu yake polepole, akasema: “Mutoto yangu eko bado mu shimo yako, na weye unaniletea mbuzi?” Nilitaka kumwambia ukweli, nikarudi mahali pangu.

Wamenipa miaka miwili, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa kosa la kuua kwa uzembe, na fidia kwa Mama Kabedi. Hakimu alisema nimekiri mwenyewe bila kulazimishwa, kwa hiyo hakuna la kujadili. Alisema pia mwenye kiwanja ana wajibu wa kujua kinachochimbwa kiwanjani kwake. Nilitikisa kichwa kukubali, nikawa namsaidia.

Wakati wananirudisha, Maître Nkulu alinifuata mpaka kwenye gari. Hakunigombeza. Alisema tu: “Mama, mpaka leo asubui walikufunga bure. Sasa banakufunga na sheria.” Kisha akasema kuna rufani, lakini ni siku kumi tu, zikipita mlango umefungwa. Aliniuliza kama anaweza kuiandika. Nikamwambia nitamwuliza mume wangu.

Kwa hiyo nakuuliza, na dereva nimemwomba aende upesi. Niambie ndiyo, aandike yeye. Au njoo. Siku kumi, Kisimba.

Kapinga


Kisenge
5 Mei 2023

Mke wangu shujaa,

Kwa haraka, dereva anangoja na injini inawaka. Usimwachie yule kijana rufani. Kesi imeharibika kwa sababu alikaa pale nyuma, hakimu alimwona, akajua mna mchezo. Nimepata avoka wa kweli, mkubwa, ana gari. Ataiandika yeye kabla siku hazijakwisha. Niachie mimi. Wewe usitie sahihi karatasi yoyote na usiseme na mtu yeyote humo ndani.

Umefanya vizuri. Umekuwa mama wa kweli. Mimi najiandaa kurudi.

Kisimba


Gerezani, Kolwezi
16 Julai 2023

Kisimba,

Nimeandika barua mbili hukujibu. Dereva anasema mara ya pili hakukukuta Kisenge, na mjane wa bukari naye hakumkuta, jiko lake limefungwa.

Jana nilikwenda ofisini kwa mlinzi mkuu kuuliza rufani yangu imefika wapi. Ni mtu mnene, mpole, ana picha ya watoto wake ukutani. Alimtuma mtu kwa karani wa mahakama. Jibu likaja kwamba hakuna rufani, haikuwahi kuwapo, na muda umepita tangu Mei. Nikamwambia kuna avoka mkubwa mwenye gari. Akaniuliza jina lake, na hapo ndipo nilipogundua kwamba hukuniambia jina.

Halafu akasema jambo ambalo limenizuia kulala. “Mama, juu ya nini hukuniambia? Ungeniambia tu na kinywa, mi naandika, inaenda.” Mfungwa anaweza kusema rufani kwa mlinzi, hapo hapo gerezani, bila avoka, bila mume. Mlango wake uko hatua chache kutoka mahali ninapolala. Nilikaa siku zote kumi nikiuangalia huo mlango, kwanza nangoja barua yako, kisha nimefunga mdomo kwa sababu uliniandikia nisiseme na mtu.

Leo Mama Fidélie amekuja bila Abigaëlle, ambaye huwa namwona kupitia uzio. Alikaa muda mrefu anakunja kitambaa cha bakuli. Kisha akasema: “Bwana yako alikuya kubeba mutoto. Eko ku nyumba, Kasulo. Eko na mwanamuke.”

Nikamwuliza mwanamke gani. Akasema mnene kidogo, mweupe, ana mimba, anaitwa Tina.

Mimi sitaki maelezo ya huyo mwanamke. Nimeishi Kolwezi miaka yangu yote, wanaume nimewaona. Nataka kujua jambo moja. Wewe ulikuwa unaogopa polisi mpaka ukatupa simu. Sasa umekaa Kasulo, nyumbani kwetu, mlango wazi, na mwanamke na mtoto. Umewaambia nini?

Kapinga


Kasulo, Kolwezi
3 Agosti 2023

Mama Abigaëlle,

Sipendi sauti ya barua yako, lakini nakuelewa, gereza linabadilisha mtu.

Ndiyo, nimerudi. Ulitaka nirudi, umeandika mara ngapi “rudi, rudi”, sasa nimerudi imekuwa kosa. Kuja kukuona bado si vizuri, watu wa mlangoni wanaandika majina na mimi sitaki maneno. Kutoka hapa mpaka gerezani ni karibu kwa pikipiki, nakufikiria kila nikipita.

Kuhusu polisi, nilifanya kama raia mwema. Nilikwenda parke mwenyewe, nimevaa koti, nikaandikisha maelezo yangu na kutia sahihi. Nilieleza kwamba kiwanja cha Kasulo ni chako, ulikinunua kwa biashara yako kabla hatujaoana vizuri, kwamba nyumba ni yako, shimo ni lako, na mimi nilikuwa Kisenge kwa kazi, sina sehemu yoyote. Yanafanana na uliyosema wewe mbele ya hakimu, kwa hiyo walifurahi, wakanipa mkono. Yule mkubwa wa polisi aliyekuja siku ile sasa tunasalimiana. Ananiita tata.

Rufani nisingeweza. Fikiri kidogo. Wangefungua faili upya, wangemhoji kila jirani. Miaka miwili si kitu, na miezi imeshapita. Kuna watu wamefungwa hapo miaka kumi.

Na nina habari njema ambayo nilitaka kukuambia uso kwa uso. Nimemaliza jambo na Mama Kabedi. Nilimpelekea mbuzi, dume zuri jeusi, na kitambaa cheupe, na wazee wawili wa Kasai walikuwapo. Nikapiga magoti nikasema: naomba msamaha kwa ajili ya mke wangu. Alikipokea kitambaa. Kisha akasema mimi sina kosa, nimebeba aibu ya nyumba yangu kama mwanaume, na akakubali kula. Tulinawa katika beseni moja. Alinishika kichwa. Siku ile niliona amani ambayo sijaiona tangu Januari, na usiku nililala bila kuota.

Na mimi pia, Kapinga, nimekusamehe. Nataka ulijue hilo. Kwa shimo, kwa aibu, kwa yote.

Tina ni kwa ajili ya mtoto. Mtoto hawezi kulelewa na wanaume na wachimbaji. Abigaëlle ameshamzoea, jana alimwita mama bila kufundishwa. Nadhani si vizuri aletwe tena kwenye uzio, anarudi anakojoa kitandani.

Kazi imeanza tena. Tumefungua shimo jipya jikoni, mkono wa kushoto, tunazunguka mahali pa Muamba kwa heshima. Madini ni mazuri kuliko mwanzo. Ukitoka utakuta nyumba imebadilika.

Vumilia.

Kisimba


Gerezani, Kolwezi
28 Agosti 2023

Kwa Bwana Kisimba, Kasulo

Barua yako nimeipata. Nilipofika mahali uliponisamehe nilisimama, nikamwoshea mtu bakuli, nikarudi nikaendelea kusoma.

Nilimwomba Mama Fidélie anirudishie Maître Nkulu. Nilidhani hatakuja, nilimfukuza mara mbili. Alikuja. Nikamwuliza kama kuna njia ya kutoka humu, akasema kwa kweli hakuna, neno langu limeshaandikwa na muda umepita. Nikamshukuru. Kisha nikamwuliza jambo lingine, kama kiwanja ambacho mahakama imesema ni changu ni changu kweli. Alifikiri. Akaenda kutafuta karatasi, akarudi baada ya siku chache.

Unajua kwamba kiwanja chetu hakikuwahi kuwa na hati. Ulisema hati ni za matajiri. Sasa kina karatasi mbili. Ya kwanza ni hukumu yangu, ambamo hakimu ameandika kwamba mimi ndiye mwenye kiwanja, na ndiyo sababu nimefungwa. Ya pili ni maelezo yako, yenye sahihi yako, kwamba nyumba ni yangu na wewe huna sehemu yoyote. Maître Nkulu anasema hajaona mtu aliyeachia nyumba kwa maneno yaliyonyooka hivyo.

Nina fidia ya kumlipa Mama Kabedi, na sina kitu kingine duniani. Nimemwita hapa. Alikuja kwa sababu ulimlisha mbuzi na alidhani jambo letu limekwisha. Nilimweleza yote, tangu sururu ya kwanza. Sikumwomba aniamini. Nilimwambia tu kwamba wachimbaji wako wanapita karibu na mwanawe kila siku, jikoni, mkono wa kushoto, na kwamba uliniandikia wewe mwenyewe kuwa madini ni mazuri. Alitapika pale pale, penye uzio. Mlinzi akamletea maji.

Nimempa kiwanja chote na nyumba iliyo juu yake. Tumetia sahihi mbele ya mlinzi mkuu, na hakimu amekubali vihesabiwe kuwa fidia. Atakuja Jumatatu na mtu wa mahakama na polisi wawili. Mmoja wao ni yule anayekuita tata.

Una haki ya kupinga, nami nakuambia kwa sababu mimi ile ya mlango wa mlinzi niliambiwa muda umeshapita. Nenda kwa hakimu, sema ulidanganya, sema kiwanja ni chako. Atakuuliza shimo nalo ni la nani, nani alimwambia Muamba ashuke, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Ukijibu, mimi natoka na wewe unaingia. Maître Nkulu atakusindikiza bila malipo.

Tina namwonea huruma kidogo, si sana. Mwambie aende kwao kabla mimba haijawa nzito. Abigaëlle amechukuliwa leo shuleni na Mama Fidélie, usisumbuke kumtafuta. Akiniuliza kuhusu baba yake nitamjibu, bila kungoja awe mkubwa.

Nami nikitoka sitakuwa na mahali pa kulala. Nimelifikiria hilo pia, kabla ya kutia sahihi.

Mama Kabedi hataki kuuza wala kuchimba. Atafukia mashimo yote mawili, kisha atahamia. Aliniuliza kitu kimoja tu kabla ya kuondoka, kichwa cha mwanawe kilielekea upande gani wa chumba. Nikamwambia kadiri ninavyojua, ni pale ambapo, kama alivyoniambia Mama Fidélie, wewe na Tina mmeweka kitanda. Akasema basi na yeye ataweka chake hapo.

Kapinga